Nilisema Sina Kaka

Kaka yangu Lali,

Asalaam aleikum. Najua salamu ndefu huzipendi, basi nimezikata hapo hapo. Wewe kaa ulivyokaa, geuza uso ulikougeuza, mimi nitasema kama nilivyosema siku zote.

Nimekaa dakani, kibarazani pa mlango, mlango wazi, mato yangu yatazama kichochoroni tangu asubuhi. Mjukuu wangu Barke ametoka na hajarudi. Nitakwambia alikokwenda, lakini si sasa. Nikianza na hilo, mengine yote yatanitoka.

Anayeandika si mimi, kalamu na mimi wajua hatujuani. Ni Mwalimu Mueni, Mkamba, mtu wa bara, amepanga chumba chetu cha juu. Yeye Mkristo, mimi kama unijuavyo, na mwaka wa nne huu hatujagombana ila kwa mambo ya paka. Maneno yangu ya Kiamu mengine ananinyooshea, mengine ananiachia, hewala. Nimemwambia hii barua asiitie kwenye bahasha. Aibandike, aisome, ampe atakaye. Kwani nililokufanyia nalifanya mbele ya watu, haifai nije nikutake radhi kwa siri.

Amesimamisha kalamu. "Bibi, una uhakika?"

Andika, mwanangu.

Lali, wakumbuka kwetu Pate? Mtu asiyeitikia salamu kwetu ni mtu asiye na kwao. Wewe wapita, wazee wamekaa, wanakutolea salamu, wewe watazama ukuta. Si kwamba huwasikii. Ukuta ulikuwa na kitu, sijui nini, mpaka leo sijui ulikuwa ukiona nini kwenye kuta za watu. Wakaja kumshitaki mama: mwanao ana kiburi. Mwingine: mwanao kabadilishwa na majini akiwa mchanga, huyu si wako. Mwingine bubu, mwingine zuzu, mwingine ana mtu kichwani. Ukanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa, mpaka ulimi ukawa manjano. Ukavishwa hirizi, ukazivua zote ukazipanga mstari kizingitini, ndogo kwa kubwa. Mganga mwenyewe akaogopa.

Mama hakuogopa majini, aliogopa dhambi. Kuitikia salamu ni faradhi, na mwanawe haitikii. Akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akamuuliza. Mwalimu akamwambia, watu wakitolewa salamu nao ni kundi, mmoja wao akiitikia imetosha, wote wamevuliwa dhima. Mama akarudi anacheka peke yake ndiani. Akaniita: "Mwanaisha, tangu leo kakako asitoke bila wewe."

Mimi na miaka sita, wewe minane. Watu wawili, lakini kundi.

Nikaitikia salamu zako zote. Za sokoni, za msikitini mpaka mlangoni, za pwani Mtangawanda abiria wakishuka. Rukia, huyu mwanangu wa mwisho, mamake Barke, asema mama yetu hanyamazi hata akila. Nitanyamazaje? Nimeanza kusema kwa niaba ya watu wawili meno ya mbele hayajaota upya.

Na hukuwa bubu. Hilo nataka Mwalimu aliandike kubwa. Ulisema ulipokuwa na neno. Wamkumbuka yule bibi jirani, tajiri wa udi, akipita harufu inabaki mpaka magharibi? Kaja siku ya Idi, kakuinamia, kakushika shavu. Wewe ukamwambia, "Wanuka." Neno moja la mwezi mzima, na ndilo hilo! Mama akataka ardhi immeze, baba akatoka nje kucheka. Na mtu huyo huyo aliyekimbia udi, makumbi ya nazi yakifukuliwa matopeni kule kwenye mikoko, yananuka yai bovu, watu wamefunga pua, wewe wakaa katikati unayaponda, unasokota kamba, umetulia kama bwana arusi. Sisi wengine harufu njema na harufu mbaya tumekubaliana. Wewe hukuwepo kwenye kikao.

Ngoja. Nimesikia viatu.

Si yeye. Ni muuza mkate.

Haya, nikwambie Barke, maana humjui, hukumuona. Ana miaka ishirini na mbili. Alisema mapema, tena akasema kupita kiasi, na hilo ndilo lililotupoteza. Wewe husemi, yeye hanyamazi, nani angewaweka pamoja? Watoto wengine wana wanasesere, yeye ana visima. Kisima kipi kiko wapi, maji yake yana chumvi kiasi gani, kilikauka kiangazi kipi. Ukimuuliza umeamkaje atakujibu kisima kimeamkaje. Siku hizi ndiyo kazi yake, azunguka na kipimo, achota, apima chumvi, aandika daftarini. Usoni haangalii mtu. Akiguswa bega hakuambiwa, aruka kana kwamba amemwagiwa chai. Na jenereta la jirani likiwaka afunga masikio, ajikunja, kidevu juu ya goti la kushoto. La kushoto, Lali. Vile vile ulivyojikunja wewe. Mara ya kwanza nilipomuona hivyo alikuwa na miaka mitatu, mimi nachunga unga. Ungo uliniponyoka. Rukia akaniuliza kuna nini. Nikasema mkono umekufa ganzi. Ningesemaje, na mimi sina kaka?

Alipofika miaka tisa walimu walichoka naye, Rukia akampeleka Mombasa kwa daktari. Wakarudi na karatasi, na karatasi ina jina: Asperger. Mimi mpaka leo nasema Aspaga, na Mwalimu hapa ananicheka. Rukia alilivaa lile jina kama mkufu wa Idi. "Mama, si wazimu, si majini, wala si usonji. Ni Aspaga. Ni wale wenye akili nyingi ila watu hawawajui." Na usonji ni nini? "Wale wasiosema, mama. Wanaojipiga vichwa."

Neno usonji ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia, siku ile. Nikalichukua nikaenda nalo jikoni, nikajifungia. Nikasema moyoni, basi huyo ndiye Lali, na Barke siye. Kuna ukuta katikati, daktari ameujenga. Nitakwambia kweli yangu: nilishukuru. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilishukuru.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mama mmoja, mwanawe hasemi, apiga kichwa ukutani mpaka chokaa yaanguka. Yule mama akaja kwa Rukia, kachukua na sahani ya vitumbua, akamwambia, "Dada, wako na wangu wamefanana fanana. Tusaidiane mawazo." Rukia akamjibu, "Wako ana usonji. Wangu hana." Vile vitumbua tulikula sisi. Mama yule hakukanyaga tena hapa. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, na mdomo wangu huu wote, sikusema.

Sasa mwaka huu Barke alitaka barua mpya ya daktari, aruhusiwe kazini kuvaa vile vya kuziba masikio, kwa sababu ya pampu. Tukavuka Mokowe, tukapanda basi la Mombasa watu watatu, mimi mato yangu nayo yatazamwe. Daktari wa safari hii mwanamke, kijana, kavaa viatu vya kukimbilia. Akaa na Barke asubuhi nzima. Akatuita. Akasema, "Lile jina la zamani siku hizi hatuliandiki. Wote sasa tunawaita jina moja, usonji, kisha tunaeleza kila mmoja anahitaji msaada gani na kiasi gani."

Rukia akasimama. "Umemshusha mwanangu!"

"Sijamshusha, mama."

"Miaka kumi na tatu ni Aspaga! Amesoma, anafanya kazi, anasema! Leo wamtia chungu kimoja na wasiosema?"

Barke alikuwa akitazama bomba la sinki, lilikuwa likidondoka. Akasema bila kugeuka, "Mama, mimi sikubadilika. Karatasi ndiyo imebadilika."

Daktari akaeleza, taratibu, na Mwalimu baadaye alinieleza tena nikaelewa zaidi. Kwamba wale waliogawa majina walikuja kuona ule mpaka haushikiki. Mtoto mmoja kwa daktari huyu angeitwa hivi, kwa daktari yule angeitwa vile. Kwamba wako waliolipenda lile jina la kwanza, walikua nalo, hawataki kuliacha, na wajiita nalo mpaka leo. Na wako waliofurahi kuwa wamoja. Mimi nasikiliza. Nikauliza, na sikuwa nimekusudia kuuliza. Nikasema, "Daktari, na mtu hasemi, ila neno moja kwa mwezi. Aziba masikio. Apanga vitu mstari. Aweza kukaa na kamba kutwa. Huyo mwampa jina gani?"

Akaniangalia. "Ni nani huyo, bibi?"

"Mtu tu."

"Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo," akasema. "Lakini kwa unavyoniambia, jina pengine lingekuwa hili hili."

Tulipotoka, pale koridoni, Rukia akanishika mkono akanibana. "Mama, nimekuelewa ulikuwa wamsema nani. Tafadhali. Usimlinganishe mwanangu na yule mjomba."

Yule mjomba. Rukia ajua kulikuwa na mtu wa kwetu, mgonjwa, kisiwani Ndau, akafa. Hakuwahi kuniuliza zaidi na mimi sikuongeza. Lakini nilipolisikia hilo "yule", Lali, liliniingia kama mwiba wa samaki. Kwa sababu nilijua amelitoa wapi. Nimelitia mimi nyumba hii.

Mwalimu, wachoka? Asema hachoki. Achoka, namuona.

Haya. Siku ya arusi yangu.

Wajua arusi zetu, na wajua vugo. Wanawake makumi, kila mmoja na pembe yake ya nyati, wagonga, nyumba nzima yatetema. Kwenye ya bint ami ulitoka mbio ukapita katikati ya bwana arusi na wazee, ukapindua siniya. Basi baba akakaa na ami wakasema, hawa wakwe ni watu wa Amu, Lamu mjini, watu wakubwa, wakimuona Lali arusi itavunjika. Lali aende Ndau, kwenye minazi yetu, mpaka fungate iishe. Siku saba. Wakanituma mimi nikwambie, kwani mimi pekee ndiye uliyenisikiliza. Nikakwambia, "Lali, kaa Ndau mpaka fungate iishe." Ukatikisa kichwa. Ukaenda na kifungu chako cha makumbi kwapani.

Nikaletwa Amu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananifungua hina, kidole kwa kidole, mtu mpole. Akaniuliza, "Una ndugu wa kiume, mwanangu?" Nikasema, "Sina, mama. Niko peke yangu."

Hakuna aliyenifundisha niseme hivyo. Waliniambia nisikuonyeshe, hawakuniambia nikukane. Hilo nililitunga mwenyewe, na halikuwa na uzito wowote mdomoni. Kama kutema kokwa ya tende.

Mtu akishasema sina, atakutoa wapi tena? Fungate ikaisha. Baba akasema wacha mwezi uishe. Kisha Rajabu. Kisha nikachukua mimba. Kisha baba akafa, mama akamfuata, na wewe uko Ndau kwa ami, na Ndau wajua, kisiwa kidogo, hata kiberiti chaenda kwa chombo. Mtu kama wewe hupandi chombo mwenyewe.

Nikaja mwaka wa nne. Nalimwambia mume wangu naenda kumzuru shangazi. Nikakukuta kibandani, unasokota. Hukuinuka, hukunitazama. Ukasogea kwenye mkeka kiasi cha kiganja, nikajua nimekaribishwa, nikakaa. Tukakaa sana. Mimi, Mwanaisha wa maneno, sina neno. Kisha ukasema:

"Fungate imekwisha?"

Lali. Miaka minne.

Nikakwambia, "Bado."

Ukarudi kwenye kamba yako. Hukukasirika. Laiti ungekasirika. Nikaja tena mara mbili, katika miaka yote ile mara mbili, na hukuuliza tena. Na khabari ya kufa kwako ilinifika umeshazikwa siku ya tatu. Matanga yako nilikaa jikoni peke yangu, nikakata vitunguu, nikakata, nikakata, mpaka mume wangu akaniuliza twalisha mtaa gani leo. Nilitaka tu mahali pa kulilia.

Mwalimu ameweka kalamu chini, apangusa miwani. Nimemwambia jikaze, tungali na ya juzi na yana.

Kuna kijana wa mtaa wa Wiyoni, jina lake Famau, fundi wa mabomba. Wamejuana na Barke visimani huko huko, yeye atengeneza pampu, huyu apima chumvi. Mtaratibu, ana subira. Asikiliza habari za visima saa nzima, kisha auliza swali, na swali lenyewe la maana. Mimi nilimchungulia kutoka dirishani, nikasema huyu ni mzima kweli? Amwambia mamake anataka kuposa. Na mamake, Bi Zuhura, ni watu wa marehemu mume wangu, waliniona naingia Amu bibi arusi. Akatuma khabari atakuja na dadake kututazama.

Rukia hakulala siku mbili. Ile karatasi mpya akaitia chini ya godoro lake. Akanijia. "Mama, wakiuliza, sisi hatuna kitu. Wakibana sana, mimi nitasema ni Aspaga, ni akili nyingi, basi. Na wewe leo nakuomba, huo mdomo uupumzishe."

"Na Barke asemaje?"

"Barke asema hataki kufichwa. Barke ajua nini?"

Wakaja yana baada ya alasiri. Kahawa, halua, kaimati. Barke akaingia na kahawa, kavaa vizuri, kanyoosha mkono vizuri, Rukia ameshaanza kupumua. Kisha Barke akamwambia yule dadake Bi Zuhura, "Kisima chenu cha uani kiko hatua tisa kutoka chooni. Nimehesabu. Msinywe."

Kaimati ikamkwama yule mama. Kakohoa, kapigwa mgongo, kapewa maji, ayatazama maji kwanza. Mimi nacheka ndani ya leso. Rukia kacheka kwa sauti isiyo yake: "Huyu ana akili nyingi sana. Ya hesabu."

"Akili si kitu kibaya," Bi Zuhura akasema. Barke alipokwisha kutoka, akanigeukia mimi. "Bi Mwanaisha, wewe ndiye mkubwa wetu. Tuambie wewe. Katika ukoo wenu kuna mtu yeyote?"

"Mtu yeyote wa nini?"

"Wajua."

Namuona Rukia ananikazia mato. Na walahi, Lali, lile neno lilikuwa tayari, "hakuna", limekaa mdomoni kama mwenyeji. Nimelisema miaka sitini, lajua ndia lenyewe.

Nikasema, "Nna kaka."

Bi Zuhura akaweka kikombe. "Kaka gani? Sisi twakujua mwana wa pekee. Marehemu alikuwa akijisifu hana shemeji wa kumsumbua."

"Nilidanganya. Nna kaka, baba mmoja mama mmoja, jina lake Lali. Alikuwa hasemi na watu. Tulimficha Ndau mpaka akafa. Na Barke wangu na yeye ni kitu kimoja, daktari ameandika. Karatasi iko chini ya godoro la mamake."

Hata paka aliinua kichwa. Wakamaliza kahawa, wakachukua mabuibui yao, wakasema, "Tutaangalia." Wajua "tutaangalia" maana yake nini. Kwa watu wa Amu hiyo ni hapana iliyovaa kanzu.

Rukia alingoja mlango ufungwe. "Miaka sitini umenyamaza! Miaka sitini, mama! Siku zote hizo hukupata siku ila ya mwanangu?" Akalia kama mtoto. Na asemalo ni kweli. Tangu yana hajasema nami. Chai ya asubuhi aliiweka mbali na mkono wangu, niinuke niifuate.

Na huyo si aliyenisumbua zaidi. Aliyenisumbua ni Barke. Leo asubuhi kaja hapa dakani, kasimama, katazama ukuta. Akasema, "Bibi, yana ulisema kwa ajili yangu au kwa ajili yake?"

Nikataka kumwambia ni kwa ajili yako, mwanangu, usije ukaishi na siri. Maneno mazuri, yalikuwa yamepangika. Lakini Barke ukimdanganya hakasiriki, aamini tu. Aamini na kukaa nalo, na mimi nimeshamuona mtu mmoja akiamini na kukaa nalo. Nikamwambia kweli. "Kwake. Nilisema kwa ajili ya Lali. Nilikutumia wewe."

Akafikiri. Akasema, "Haya. Basi hilo lilikuwa lenu. Langu nitalisema mwenyewe."

Akavaa buibui, akachukua kipimo chake, akatoka kwenda Wiyoni kwa kina Famau. Mtoto wa kike, mchana kweupe, kwenda mwenyewe kwa watu wanaomposa! Hajatumwa, hana mshenga, hana shangazi mbele. Jambo hilo Amu halijafanywa. Rukia hajui, yuko sokoni. Mwalimu alitaka kumfuata, mimi nikamzuia, nikamwambia kaa hapa uandike, la sivyo nitapasuka.

Tangu hapo nimekaa nainuka, nainuka nakaa. Nimemwaga kahawa mara mbili. Nawaza wamemfungia mlango. Nawaza wamemcheka, naye hajui wanamcheka, anawaeleza habari za chumvi. Nawaza kijana mwenyewe amegeuka. Na nawaza, kama arusi imekufa, nimemuua nayo mtu wa pili, kwa ajili ya wa kwanza. Huko uliko kama kuna mtu wa kuulizwa, muulize, Lali. Niliyotenda yana ni haki au ni mzee kutua mzigo wake juu ya kichwa cha mtoto?

Mwalimu asema, "Bibi, mtu anakuja."

Ni yeye. Ngoja. Ni yeye, atembea polepole, ajipangusa mchanga.

Nimemfanya akae. Mwalimu, andika anavyosema, usimnyooshe.

"Nilipiga hodi mara tatu. Wakafungua. Kisima chao nilikipima kwanza kwa kuwa nilikuwa pale. Kibaya. Bi Zuhura akaniuliza, wataka kuolewa na mwanangu? Nikamwambia nataka, ila jenereta lisiwekwe karibu na chumba. Akauliza, huu ugonjwa wapona? Nikamwambia si ugonjwa, ndivyo nilivyo, zamani waliuita jina moja, sasa waita jingine. Akauliza, na ukizaa watoto kama wewe? Nikamwambia basi watakuwa na mama anayejua."

"Kisha?"

"Kisha akaniuliza, babu yako Lali alikuwaje? Nikamwambia sijui. Sikuambiwa. Muulizeni Bibi. Wanakuja leo baada ya alasiri."

"Wanakuja kutoa jibu?"

"Hawakusema kutoa jibu. Wamesema kuuliza."

Kisha kaenda kunawa miguu, kana kwamba katoka dukani.

Lali, kaka yangu. Kutoka utoto wetu mpaka leo, hakuna kiumbe aliyeniuliza ulikuwaje. Waliuliza una nini, waliuliza ni ya mama au ya baba, waliuliza yaambukiza? Ulikuwaje, hakuna. Na sasa kuna mwanamke Wiyoni afunga buibui aje aniulize, na jibu lake kwa Barke sijalijua, na Rukia yuaja na kikapu na sijui nitamwambiaje, na Mwalimu asema nikaoge nibadili kanga nitulie. Situlii. Naenda jikoni narudi, nakutafuta kichwani. Sauti yako haiji. Uso waja nusu nusu. Ulikuwa na masikio madogo. Nyusi zimeungana. Na watu wakicheka kwa jambo, wewe hukucheka nao. Walikuwa wakinyamaza wote, wameshasahau, wameshika mambo mengine, ndipo wewe ulipocheka, peke yako, kwa raha yako, mpaka mato yakatoka machozi.

Nitaanzia hapo.

Mola akupe nafasi huko uliko, pasiwe na pembe wala ngoma, na wakutoleao salamu wawe na subira. Uniwie radhi, Lali. Nisikuchoshe zaidi, alasiri yaingia.

Ni mimi dada yako,
Mwanaisha